Abonyeze nani? Kisa cha binti wa miaka 9 na pampu ya maumivu

Saa 8:10 usiku muuguzi wa zamu alimwinamia binti wa miaka 9 aliyekuwa amefanyiwa upasuaji mchana uliotangulia. Alikuwa anakoroma kwa namna ya ajabu, akivuta pumzi ndefu kisha akikaa kimya kirefu. Muuguzi alihesabu pumzi kwa dakika nzima akapata 8. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 86, na mboni za macho zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya pini. Alipomtikisa bega kwa nguvu binti alifungua macho, akayafumba tena hapohapo. Pembeni, mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti, ameshika mkononi kitufe cha pampu ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Nilifika asubuhi na timu inayoshughulikia maumivu. Binti alikuwa ameshaokolewa, anaongea, na tumbo linamuuma vibaya. Nimebadilisha mambo machache ili familia isitambulike. Mengine yote ni kama yalivyotokea, zikiwemo namba zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya pampu. Namba hizo ndizo zimenifanya niandike.

Mtoto alikuwa na kilo 28. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka kabla hajafikishwa hospitali, usaha umesambaa tumboni, ana homa, amepungukiwa maji, mkojo kidogo. Upasuaji uliisha saa 9:30 alasiri. Ndani ya thieta alipewa mofini, na kidonda kikachomwa ganzi. Saa 12 jioni aliingia wodini akiwa bado amelala fofofo, akaunganishwa pampu.

Kwa wasioijua, pampu hii ni bomba la sindano la mililita 50 lililofungiwa ndani ya mashine yenye kufuli, limeunganishwa na mshipa wa mgonjwa, na lina waya unaoishia kwenye kitufe. Mgonjwa akibonyeza anapata dozi ndogo iliyopangwa. Baada ya hapo mashine hujifunga kwa dakika kadhaa, na hata abonyeze mara mia haitoi kitu hadi muda huo uishe. Katika kisa hiki miligramu 28 za mofini zilichanganywa hadi mililita 50, hivyo kila mililita ilibeba mikrogramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Dozi ya kitufe ilipangwa nusu mililita, yaani mikrogramu 280, na muda wa kujifunga dakika 10. Hakukuwa na dawa ya mfululizo, ile inayotiririka yenyewe bila kubonyezwa.

Wazo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa usingizi Philip Sechzer, nchini Marekani, alianza kuwapa wagonjwa dozi ndogondogo za mshipani kila walipoziomba, na mwaka 1971 akaeleza kuhusu mashine ya kufanya kazi hiyo. Mwaka 1976 ikatokea pampu ya Cardiff, huko Wales. Watoto walisubiri zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 1980 wapo madaktari walioamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, na vichanga walipasuliwa wakiwa na dawa kiasi kidogo tu. Mwaka 1991 Charles Berde na wenzake walichapisha ulinganisho wa pampu na sindano za msulini kwa watoto na vijana waliofanyiwa upasuaji wa mifupa. Waliotumia pampu waliripoti maumivu madogo zaidi. Aliyewahi kufanya kazi wodi ya watoto hatashangaa, kwa sababu mtoto akijua kuwa jibu la kilio chake ni sindano pajani, anaamua kunyamaza.

Ulinzi mkubwa wa pampu hii haumo kwenye kufuli wala kwenye kompyuta yake. Uko kwenye mkono wa mgonjwa. Mofini ikianza kuzidi, kwa kawaida usingizi hutangulia kabla pumzi haijapungua kiasi cha kutisha. Mgonjwa analala, vidole vinalegea, kitufe kinaangukia shukani, na dawa inakoma. Aliyelala habonyezi. Mtu mwingine akikishika kitufe, ulinzi huo umeondoka wote, na mashine haina namna ya kujua kwamba mkono umebadilika.

Ndiyo maana mwaka 2004 Joint Commission, shirika linalokagua ubora wa hospitali nchini Marekani, lilitoa tahadhari juu ya ndugu na wahudumu kumbonyezea mgonjwa. Kila mwongozo wa pampu ninaoujua unalisema jambo hilo. Wodi yetu pia ilikuwa na karatasi iliyolisema. Kwa hiyo asubuhi ile wengi walikuwa wameshapata jibu: mama amekosea, aelimishwe, kisa kifungwe.

Nikaomba tusome kwanza kumbukumbu ya pampu.

Kumbukumbu ilisema nini

Pampu huandika kila mbonyezo na saa yake, na huandika kama dozi ilitoka au haikutoka. Ukizisoma namba hizo pamoja na karatasi ya uuguzi, unaona usiku mzima ulivyokwenda.

Kuanzia saa 12 hadi saa 1 usiku hakuna mbonyezo hata mmoja. Binti amelala, dawa ya thieta bado inafanya kazi.

Kuanzia saa 1 hadi saa 3:20 ilibonyezwa mara 71. Dozi zilizotoka ni 9.

Kuanzia saa 3:20 hadi saa 4:40 ilibonyezwa mara 3 tu, dozi zikatoka 2. Halafu kimya.

Kuanzia saa 5:05 hadi saa 8:00 ilibonyezwa mara 15. Dozi zikatoka zote 15.

Hebu tuanze na mistari hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyomlaza. Hakuna mtoto mwenye maumivu anayebonyeza hivyo. Maumivu ya tumbo lililopasuliwa huja kwa mawimbi, akikohoa, akigeuka, utumbo ukijinyonga. Mtoto hubonyeza mara tano kwa mkupuo, akatulia, kisha akabonyeza tena. Mibonyezo ile 15 ilikuwa imepangana kama shanga kwenye uzi, kila baada ya dakika 12 au 13, na hakuna hata mmoja uliopotea. Ilikuwa mibonyezo ya mtu mzima anayeangalia saa. Ndani ya saa tatu mtoto aliyekuwa usingizini alipokea mikrogramu 150 kwa kilo, huku figo zake zikiwa zimechoka kwa upungufu wa maji. Mabaki ya mofini mwilini hutolewa na figo, na moja ya mabaki hayo lina nguvu ya dawa yenyewe. Mkojo ukiwa kidogo, linabaki mwilini na kurundikana.

Lakini mimi nilivutwa zaidi na ile 71. Mtoto alibonyeza mara 71 kwa saa mbili na dakika ishirini, akajibiwa mara 9. Mibonyezo mingi kuliko dozi zilizotoka huwa na maana mojawapo kati ya mbili: mtoto hajaelewa kifaa, au anaumwa na dozi haimtoshi. Mara nyingi ni zote mbili. Kwa vyovyote vile mtu anatakiwa aende kitandani akaangalie. Karatasi ya uuguzi, saa 3:20 usiku, imeandikwa maneno mawili: "Anachezea kitufe."

Baada ya hapo mibonyezo ikashuka ghafla. Nilimuuliza binti mwenyewe mchana wake, taratibu, mama yake akiwa amemshika mkono. Alisema aliambiwa asichezee, akaogopa. "Nilibonyeza sana. Kinalia tu, hakifanyi kitu." Pampu ile ililia kila ilipobonyezwa, dozi itoke isitoke. Kwake yeye kilikuwa kifaa kibovu ambacho pia ukikigusa unagombezwa. Saa 4 usiku, alipoulizwa maumivu yake kwa picha za nyuso, aliuonyesha uso wa 8 kati ya 10. Namba hiyo ipo, imeandikwa vizuri, na baada yake hakuna lolote lililofanyika. Kimya cha mibonyezo kilichukuliwa kuwa nafuu.

Kuna mambo mengine mawili niyataje. Dozi ya kuanzia haikutolewa. Pampu kazi yake ni kuendeleza nafuu iliyokwisha kupatikana. Haiwezi kumpandisha mtoto kutoka shimoni kwa dozi ndogondogo. Mtoto anayeamka na maumivu makali anahitaji mtu akae naye, ampe mofini kidogo kidogo hadi atulie, ndipo akabidhiwe kitufe. Huyu aliunganishwa akiwa amelala, kwa hiyo hakuna aliyeona haja, na alipoamka hakuna aliyerudi. La pili, parasetamoli iliandikwa na daktari, haikutolewa. Kisanduku cha saa 2 usiku kimewekwa alama na maneno "ana pampu". Mtu aliona kwamba aliye na mofini hahitaji parasetamoli. Ukweli ni kinyume: parasetamoli ikitolewa kwa saa zake hupunguza mofini anayohitaji mtoto, na hivyo hupunguza hatari tuliyokuja kuiona saa 8.

Neno moja

Mama alikuwa hajalala siku mbili. Nilipoketi naye alikuwa ameshaambiwa na watu wanne kwamba angemuua mwanawe. Sikutaka kuwa wa tano. Nilimwomba tu anisimulie usiku ulivyokwenda.

"Alilia toka saa moja," alisema. "Nikaita, nikaambiwa kitufe anacho. Akabonyeza mpaka kidole kikamuuma. Baadaye akanyamaza, akalala. Nikasema moyoni, huyu akiamka yatarudi yaleyale. Mliniambia akiumwa kibonyezwe. Nikabonyeza, ili asiamke kwenye maumivu."

Akiumwa kibonyezwe. Nilikwenda kuangalia kibao kilichoning'inizwa kitandani. Kweli, kwa kalamu nzito: "Kitufe kibonyezwe mgonjwa akisikia maumivu."

Nimeandika vibao vya namna hiyo mara nyingi, na sikuwahi kuona kasoro yake. Kibonyezwe na nani? Kitenzi chenyewe hakisemi. Kimempa kitufe kazi ya kubonyezwa na kuacha mkono wazi, na mkono uliokuwa karibu kuliko yote saa 5 usiku ulikuwa wa mama. Lugha ya hospitali inapenda sana kutendwa: dawa itolewe, mgonjwa aangaliwe, kitufe kibonyezwe. Sehemu nyingi haina madhara kwa sababu kila mtu anajua ni kazi ya nani. Hapa ndipo palipohitaji mtenda, naye hakutajwa. Karatasi ya miongozo iliyomtaja ilikuwa ndani ya faili, ofisini.

Siandiki haya ili kumwondolea mtu lawama na kumtwisha mwingine. Muuguzi aliyeandika "anachezea" alikuwa na watoto wengi mno usiku ule, na yeye ndiye aliyehesabu zile pumzi 8 na kumwokoa. Ila ukimtoa mama kwenye kisa hiki na kuacha mengine yote yalivyo, bado unabaki na mtoto aliyeteseka saa nne akiwa na dawa mkononi. Hilo lisingeandikiwa ripoti yoyote. Asubuhi tungekuta karatasi imejaa, oksijeni safi, na mtoto aliyejifunza kwamba kulalamika hakusaidii.

Jambo jingine linaloniuma ni safu ya saa 7 usiku. Pumzi zilitakiwa kuhesabiwa kila saa. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilikuwa kimevuliwa kwa sababu alipokuwa akijigeuzageuza kilikuwa kinachomoka na kupiga kelele. Kwenye safu ya pumzi imeandikwa "amelala". Mtoto aliyelala na mtoto anayezama kwenye mofini wanafanana sana ukiwatazama kutoka mlangoni. Tofauti unaipata kwa kuhesabu pumzi na kumgusa uone kama anaamka.

Usiku uleule, na uliofuata

Kilichofanyika saa 8:10 kilifanyika vizuri. Pampu ilisimamishwa, kichwa kikawekwa sawa ili njia ya hewa ifunguke, akapewa oksijeni ya barakoa, akawa anaitwa kwa jina na kuhimizwa avute pumzi. Daktari wa usingizi alitoa naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya mofini, kidogo kidogo, mikrogramu 2 kwa kilo, akisubiri na kurudia. Baada ya dozi ya pili pumzi zilifika 16. Ingepigwa nyingi kwa mara moja ingefuta mofini yote, na mtoto mwenye kidonda kibichi tumboni angeamka kwenye maumivu yasiyo na kizuizi. Naloksoni pia huisha nguvu mapema kuliko mofini, kwa hiyo mtu alikaa naye hadi alfajiri.

Kulipokucha ikazuka hoja: pampu iondolewe, arudi kwenye sindano za kila saa sita. Naielewa hofu iliyo nyuma ya hoja hiyo, lakini niliipinga. Sindano ya saa sita inampa mtoto dawa nyingi kwa mara moja, kisha inamwacha. Kosa la usiku lilikuwa kwamba mtoto hakuwahi kuwa na pampu hata dakika moja. Kwanza alikuwa na kitufe kisichomjibu, halafu kitufe kikawa cha mama.

Tuliipanga upya. Dripu iliongezwa hadi mkojo ukarudi. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila saa sita, ana pampu au hana. Ibuprofeni tuliiweka kando kwa sababu ya figo, tukaianza siku ya pili. Alipokuwa macho kabisa nilikaa kitandani kwake na kumpa mofini kidogo kidogo hadi uso wa 8 ukawa wa 3. Ilichukua dakika arobaini, na sijui namna ya kuifupisha. Dozi ya kitufe tuliiacha ileile ya mikrogramu 10 kwa kilo, lakini muda wa kujifunga tukaushusha kutoka dakika 10 hadi 5, ili mtoto anayepatwa na wimbi asibonyeze mara kumi bila jibu. Tuliweka pia kikomo cha jumla kwa kila saa nne. Hili liliwatisha wengine. Lakini mtoto anayejibiwa anabonyeza anapohitaji tu, na akilala anaacha.

Kisha tukamfundisha, jambo ambalo halikufanyika mwanzo kwa kuwa aliingia thieta kwa dharura, akiwa na homa. Watoto wa upasuaji wa kupangwa hufundishwa siku kabla, wakiwa wazima, na wengi wa miaka 7 na kuendelea huelewa vizuri. Wa miaka 5 au 6 wapo wanaoweza, wapo wasioweza. Kipimo changu ni kumwomba mtoto anifundishe mimi. Ukibonyeza nini kinatokea? Inachukua muda gani? Ikiwa bado inauma? Alinijibu: dawa inatembea kwenye mpira, inafika tumboni, nahesabu mpaka mia mbili au mia tatu, kama bado nabonyeza tena, kama bado namwita nesi. Dawa haitembei kwenda tumboni, lakini sikumsahihisha.

Wapo watoto ambao hawawezi kushika kitufe kabisa: wadogo mno, wenye ulemavu mzito, wanaoumwa saratani na wamechoka. Kwao muuguzi hubonyeza, au mzazi aliyeteuliwa na kufundishwa rasmi. Mpango wake ni tofauti, kwa kawaida mashine inajifunga kwa muda mrefu zaidi, dakika 20 au 30, na anayebonyeza lazima kwanza ahakikishe mtoto anaumwa na anaamka. Nayataja kwa sababu mama aliniuliza kwa nini wengine wanaruhusiwa.

Aliuliza pia swali gumu zaidi: "Kwa hiyo mimi nikae nimekunja mikono?" Hapana. Tulimpa kazi. Kabla mtoto hajageuzwa au kuinuliwa kitandani, amkumbushe abonyeze, wasubiri dakika chache ndipo waanze. Akikohoa, amshikie mto tumboni. Akianza kujikuna au kutapika, atuambie, kwa kuwa ni mofini na ina tiba. Akiamka analia, aite, na anayeitwa aje. Akilala, kitufe kibaki karibu na mkono wa mtoto, na mama naye alale.

Kibao kipya kinasema: "Abonyeze mwenyewe. Mtu mwingine yeyote asibonyeze. Akibonyeza na bado anaumia, tuite." Kwenye safu ya pumzi sasa inakubalika namba peke yake, na namba za pampu, mibonyezo na dozi, zinanakiliwa kila baada ya saa nne ili anayekuja zamu azione zikiwa zimekaa pamoja.

Usiku wa pili ilibonyezwa mara 19, dozi zikatoka 16. Nyingi zilikuwa kabla ya saa 4 usiku, kukawa na pengo refu, kisha mbili saa 9 alipogeuka, halafu nne asubuhi kabla ya kuogeshwa. Nilizisoma nikiwa nimesimama koridoni, na kwa namba hizo peke yake niliweza kusema alilala saa ngapi na nini kilimwamsha.

Siku ya tatu mchana alikuwa amemaliza saa sita bila kubonyeza, anakunywa uji na dawa za kumeza. Nilipokuwa naikusanya pampu aliniuliza kama kitufe chake atapewa mtoto mwingine. Nikamwambia ndiyo, kikishasafishwa.

"Basi mwambieni ahesabu mpaka mia tatu," alisema. "Na mwambieni kikilia si lazima iwe dawa imetoka. Mimi hamkuniambia."